UZI: Unakwenda fildi ya maabara? Logibuku itajaa, mikono je?

#1 Mkia wa Slaidi

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa fildi ukikaribia napokea simu za wadogo zangu wa diploma, na swali ni lilelile, la logibuku, lile daftari la kazi ulizofanya: "Kaka, logibuku inajazwaje ili msimamizi asaini haraka?" Sijawahi kuulizwa slaidi (damu inayopakwa kwenye kioo) inavutwaje. Nimeona niandike hapa mara moja, nikipigiwa tena natuma linki tu.

Nazungumzia damu: FBP (picha kamili ya damu), benki ya damu na seroloji (vipimo vya kingamwili). Watu wa parasaitolojia wana mabingwa wao humu, waje na uzi wao.

Nianze na mapokezi, maana ndipo fildi nyingi zinapoanzia na ndipo wengi mnapokata tamaa. Mimi wiki mbili za kwanza, hospitali moja ya mkoa kule kanda ya ziwa, nilikuwa karani na tarishi. Kupokea sampuli, kuandika namba, kukimbia wodini. Nilinuna kwelikweli. Siku moja zikaja tyubu mbili za zambarau kutoka wodi ya watoto, zote zimeandikwa "Kulwa". Jina la baba hakuna, namba ya faili hakuna. Wanaoijua kanda ile wanajua wodi moja inaweza kulaza akina Kulwa watatu, na Doto wao. Moja ikatoa HB (wingi wa damu) 4.1, nyingine 11. Sasa yupi anaongezewa damu? Aliyezipokea na kuzibandika namba ni mimi. Watoto wote wawili wakatobolewa upya, na mama mmoja alinitupia jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo. Tangu siku ile sampuli isiyo na jina kamili, namba ya faili na saa iliyochukuliwa haivuki dirisha langu, hata iletwe na nani.

Halafu tyubu. Rangi za vifuniko mnazikariri kwa ajili ya mtihani, sawa. Ila kwa nini buluu ya sitreti inatangulia na zambarau ya EDTA inakuja nyuma ya nyekundu, hilo nilifundishwa na aibu. Mtoto alikuwa na mishipa ya kutafuta kwa tochi. Nikapata damu kidogo, nikaijaza yote kwenye zambarau, kisha nikakumbuka kuna vipimo vya kemia vinahitaji nyekundu. Nikafungua, nikamimina kidogo. Nani ataona? Msimamizi wangu akatazama majibu, akavua miwani, akaniuliza kwa upole: "Mgonjwa huyu umemchukulia damu wodini au mochwari?" Potasiamu ilikuwa imepaa kusiko na watu walio hai, kalsiamu karibu haipo. EDTA ile ni chumvi ya potasiamu, na kazi yake ni kuikamata kalsiamu ili damu isigande. Nilichokipima ni tyubu, mgonjwa hakuwemo.

Sasa slaidi, ambayo ndiyo penzi langu (jina langu humu mmeliona). Mashine ya FBP inatema majibu ndani ya dakika moja, kwa hiyo wanafunzi wengi wanamaliza fildi hawajavuta hata slaidi kumi zinazosomeka. Tone liwe kama kichwa cha kiberiti, siyo zaidi. Slaidi ya kusambazia iinamishe kati ya nyuzi 30 na 45, irudishe nyuma iguse tone, ngoja damu itambae ukingoni mpaka karibu na ncha zote mbili, kisha nenda mbele kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukisita unaona mistari kama ya bati. Ukikandamiza, chembe nyeupe zinakimbilia mkiani zote. Mgonjwa mwenye HB ya 4 damu yake nyepesi, inakimbia kama maji, hivyo inua pembe kidogo na uongeze mwendo. Mtoto mchanga damu yake nzito, laza pembe. Hakuna kitabu kitakachokupa mkono huo. Mimi zilinitoka slaidi hamsini na zaidi, nyingi zikaishia kwenye boksi la vyenye ncha kali, ndipo ya kwanza ikapata mkia mzuri, mwembamba, unaometameta ukiuinamisha kwenye mwanga.

Na methanoli. Mliopo Dar na Tanga, hewa yenu ina maji. Chupa ya methanoli ikikaa wazi inanyonya unyevu, na chembe nyekundu zinatokea na vishimo vinavyong'aa. Mwanafunzi anaandika ugonjwa, kumbe ni mfuniko.

Kwa nini nang'ang'ania slaidi wakati mashine ipo? Mashine imetoa plateleti (chembe za kugandisha damu) 23, yaani elfu 23. Daktari ameshashika simu kuulizia plateleti za kuongeza. Ukienda mkiani mwa slaidi unakuta zimekumbatiana mafungu mafungu, mashine imezihesabu kama takataka au kama chembe nyeupe. EDTA huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Unachukua damu upya kwenye buluu ya sitreti, unapima, unazidisha kwa 1.1 kwa sababu sitreti imeizimua, na mgonjwa ana plateleti zake za kawaida kabisa.

Au mtoto wa selimundu, mashine inasema chembe nyeupe 30 (elfu), kila mtu anadhani maambukizi makali. Kwenye slaidi unahesabu chembe nyeupe 100 na pembeni yake unakuta chembe nyekundu changa 50 ambazo bado zina kiini. Mashine za kawaida zinazihesabu kama nyeupe. 30 mara 100, gawanya kwa 150. Nyeupe za kweli ni 20. Bado ziko juu, lakini siyo habari ileile.

Nimechoka kuandika kwa simu. Benki ya damu nakuja nayo.

#2 Boksi la Usalama

Ngoja waje wale waliosainiana logibuku hosteli usiku wa kuamkia kukabidhi 😂

#3 mwanagenzi_wa_damu

Shikamoo kaka. Mimi nipo mwaka wa pili, wiki ya tatu ya fildi. Benki ya damu sijagusa kitu, wanasema wanafunzi hawaruhusiwi, nasimama tu mlangoni kama mlinzi. Na kwenye logibuku natakiwa niwe na krosimechi (kulinganisha damu ya mgonjwa na ya kuongezewa) kumi. Nifanyeje?

#4 Mkia wa Slaidi

Marahaba mdogo wangu. Usiwachukie, wana haki. Damu ikitoka kwa kosa la kundi hairudi, na anayesaini si wewe. Ila kuna mlango wa uani. Nenda asubuhi kabla presha haijaanza, umwambie inchaji: "Naomba masalio." Tyubu za jana ambazo kazi yake imeisha, na vipande vya mrija vya uniti (mifuko ya damu) zilizokwisha muda. Damu iliyohifadhiwa kwa CPDA-1 (dawa ya kuizuia isigande) inaishi siku 35, kwa hiyo zilizokwisha muda hazikosekani. Fanya krosimechi zako kwa hizo, majibu yako linganisha na ya kwenye rejista. Ukilingana nao siku nne mfululizo watakuita wenyewe.

Nikupe na kisa, maana niliahidi benki ya damu.

Naiti, saa nane. Leba wanapiga simu, mama anatoka damu, wanataka uniti mbili. Mimi na msimamizi, mama mmoja wa makamo, mtaratibu, anayevaa kanga juu ya koti kwa sababu ya baridi ya friji. Akaniambia anza kundi. Nikaweka matone ya damu na vitendanishi kwenye kigae: Anti-A ya buluu, Anti-B ya njano, Anti-D isiyo na rangi. Nikachanganya, nikatikisa. Kwenye buluu ikashikana palepale. Simu ikalia tena leba, nikapokea, nikarudi. Kwenye njano nako naona vichembechembe pembeni. D imeshikana. Nikatangaza kwa sauti: AB chanya!

Yule mama hakuja hata kuangalia. Alikuwa anaandika. Akauliza tu, "Rivasi iko wapi?"

Rivasi nilikuwa sijaiweka. Kundi linasomwa pande mbili: fowadi unatafuta kilichoko juu ya chembe za mgonjwa, rivasi unatafuta kingamwili zilizoko kwenye plazima yake kwa kutumia chembe za A na za B unazozijua. Pande mbili zisipokubaliana hakuna kundi, hata kama mtu anatoka damu. Nikazungusha, nikaweka. Chembe za A kimya. Chembe za B zikashikana donge moja, unatikisa tyubu haliachii. Mtu wa AB hana Anti-B. Huyu ni A.

Nikarudia fowadi kwenye kigae kipya, nikasoma ndani ya dakika mbili: njano laini kabisa, haina kitu. Kile kigae cha kwanza kilikuwa chini ya feni ya ukutani. Nilivyopokea simu, ukingo wa tone ukakauka, na damu iliyokauka pembeni inafanana na iliyoshikana kama pacha wake. Tungetoa uniti ya AB kwa mama wa A, ile Anti-B yake ingezipokea hizo chembe vibaya sana.

Msimamizi akazima feni. Akasema, "Andika upya," akaendelea na krosimechi.

Hiyo ndiyo krosimechi yenyewe ninayotaka ujifunze, mdogo wangu. Kwenye hatua ya Coombs (kutafuta kingamwili zilizonata juu ya chembe) osha chembe kwa maji ya chumvi mara tatu, kwelikweli, umwage yote kila mara. Plazima kidogo ikibaki inaimaliza nguvu kitendanishi, unapata hasi ya uongo. Kwa hiyo kila hasi iongezee chembe za kontroli zilizokwisha kuvikwa kingamwili. Zikishikana, hasi yako ni halali. Zisiposhikana hujafanya kipimo, umecheza na maji.

#5 Sista Kitanda Sita

Nimesoma kwa heshima zote ila naona manesi tunabebeshwa mzigo humu. Kaka, sampuli mnaikataa saa nne, mnaandika "imeganda" kwenye karatasi, karatasi inakaa dirishani mpaka saa tisa mtu anayefuata majibu aikute. Mtoto hajala anasubiri majibu. Nikienda kumtoboa tena mama yake ananiona mchawi. Simu ya wodi ipo ukutani, namba mnaijua.

Na hao wanafunzi wenu, waleteni wodini wachukue damu na sisi. Wengi hawajawahi kumshika mtoto wa miezi sita anayepiga mateke, halafu wanaandika "sampuli haitoshi" kwa mkato kama hakimu.

#6 Mkia wa Slaidi

Sista, kwa hili nanyoosha mikono. Kukataa sampuli bila kupiga simu ni nusu ya kazi. Na hilo la wodini nakuunga mkono: mimi kugeuza tyubu ya zambarau mara nane hadi kumi taratibu, bila kuitikisa kama dawa ya kikohozi, nilifundishwa na nesi kitandani, siyo maabara. Ikitikiswa kwa nguvu chembe zinapasuka, isipogeuzwa inaganda. Mkunga mmoja alinishika kiganja akanionyesha mwendo wenyewe.

#7 Mzee wa Giemsa

Vijana hamjambo. Nimestaafu, nasoma tu, ila mmenichokoza.

Sisi mashine hatukuwa nayo. Chembe nyeupe tulihesabu kwa chemba ya Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia): damu unaizimua mara 20 kwa maji ya Türk, unajaza chemba bila kufurika, unahesabu miraba mikubwa minne ya pembeni, unazidisha kwa 50. Msidhani nalilia zamani. Mkono ule ulikuwa na makosa mengi, ukihesabu mara mbili hupati namba moja, na mashine zenu zinatushinda mbali kwa usahihi. Lakini kulikuwa na faida moja: tulijua kosa linaingilia wapi, kwa sababu tulilitenda kwa vidole vyetu. Leo umeme ukikatika na jenereta haina mafuta, kijana anakaa anasubiri. Chemba iko kabatini, imepata ukungu. Wanafunzi, iombeni hiyo chemba. Hakuna atakayewanyima, hakuna anayeitaka.

Jambo la pili. Mnalalamika hamna damu ya kufanyia mazoezi. Landsteiner kule Vienna makundi ya A, B na O aliyachapisha mwaka 1901 kwa damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara, wachache tu. Kundi la AB hata hakulipata, kwenye watu wake hakuwemo, likaonekana mwaka uliofuata. Darasa lenu lina watu wangapi? Mwombeni mwalimu, mtoane damu, mpangane makundi, fowadi na rivasi. Mtapata AB wenu mmoja, mtamgombea kama mpira wa kona.

#8 mgeni_naiti

Mimi sina mengi. Nilichomwa na sindano wiki ya kwanza ya fildi, nilikuwa naifunika kwa mikono miwili. Nikanyamaza siku nzima kwa kuogopa wataniona mzembe. Jioni nikamwambia mwenzangu, akanivuta mkono mpaka kliniki. Dawa za kinga ya VVU wanataka uanze mapema kadiri inavyowezekana, mwisho saa 72, na unakunywa siku 28. Zile siku 28 niliisoma dunia. Nilitoka salama, namshukuru Mungu.

Ukichomwa: maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa saa hiyohiyo. Sindano haifunikwi. Na chanjo ya homa ya ini B anza mapema chuoni, ni dozi tatu na ya mwisho inakuja mwezi wa sita. Ukisubiri barua ya fildi umechelewa.

#9 Boksi la Usalama

#8 hiyo ya kuogopa kuonekana mzembe imetupata wengi. Pole mkuu. Leo sina utani.

Mleta uzi, seroloji umeiruka. Na Widal uiseme maana mtaani kila homa ni taifodi.

#10 Mkia wa Slaidi

Mgeni_naiti, asante kwa kusema. Hii ndiyo ingetakiwa iwe namba moja kwenye uzi.

Seroloji wanafunzi wanaidharau kwa sababu inaonekana rahisi: tone, bafa, mistari miwili. Ugumu wake ni saa. Kila kipimo cha haraka kina dakika zake zimeandikwa kwenye karatasi ya ndani, na karatasi hiyo ndiyo kitu cha kwanza kutupwa. Ukisoma kabla, mstari hafifu haujatokea. Ukisahau ukaenda kunywa chai, kinatokea kivuli ambacho hakikuwa mstari. Nunua saa ya mezani yenye kengele, usitegemee simu, simu ina WhatsApp.

Kuna jambo moja la kaswende ambalo nilibishana nalo mpaka nilipoliona kwa macho. RPR, yaani kipimo cha kaswende, ya mtu mwenye kingamwili nyingi kupita kiasi inaweza kusoma hasi. Zimejaa hadi zinashindwa kuunganisha chembe, kila moja imeshika ya kwake. Ukizimua seramu, inaanza kushikana. Daktari akikwambia dalili zote zipo na wewe una hasi, usimbishie, zimua. Nilizimua moja nikiwa na hakika kwamba daktari kakosea. Ile ya kwanza kimya, moja kwa mbili kimya, moja kwa nane ikashikana kama maziwa yaliyokatika.

Widal. Nitasema kwa ufupi nisije nikafungiwa. Watu wengi huku tumekutana na vijidudu vya jamii hiyo, au vinavyofanana navyo, kwa hiyo kingamwili za zamani tunazo. Tone moja la seramu kwenye kigae, siku moja, halimwambii mtu ana taifodi leo. Kwa haki yake kipimo kile kilitaka sampuli mbili zilizopishana kama siku 10 hadi 14, ili uone kingamwili zimepanda mara nne. Nani amewahi kurudi kwa ya pili? Anayetaka jibu la kweli aoteshe damu, tena kabla mgonjwa hajabugia antibayotiki. Wewe mwanafunzi huwezi kukibadilisha kituo, lakini kwenye logibuku usiandike "taifodi", andika ulichokiona na kizimuo chake.

#11 mwanagenzi_wa_damu

Shikamoo tena kaka. Nimerudi na habari. Niliomba masalio kama ulivyosema, inchaji akacheka, akanipa raki nzima. Leo siku ya sita na wameniruhusu kupanga makundi, nao wanarudia nyuma yangu.

Sasa nina shida. Kuna sampuli moja fowadi inaonyesha B, safi kabisa. Rivasi kimya pande zote. Chembe za A nilitegemea zishikane, wala hazitikisiki. Nimerudia mara tatu, nimezima feni, kontroli zimekubali.

#12 Mkia wa Slaidi

Marahaba. Hongera kwa raki. Umri wa mgonjwa umeuangalia?

#13 mwanagenzi_wa_damu

Ngoja.

Wiki mbili.

Aaaah.

#14 Mkia wa Slaidi

Ndiyo hivyo. Mtoto hajaanza kutengeneza za kwake, zinakuja polepole kuanzia miezi mitatu minne huko mbele. Ungeziona sasa hivi, zingekuwa za mama yake. Chini ya miezi minne tunategemea fowadi peke yake, na akihitaji damu omba na sampuli ya mama, maana kinachoweza kuzishambulia chembe utakazompa kimetoka huko.

#15 mwanagenzi_wa_damu

Nilikuwa nimeshaandika kwenye rejista ya kontroli "chembe za A zimeharibika". Nakimbia kufuta.

#16 Mkia wa Slaidi

Usifute! Na rangi nyeupe usipake. Piga mstari mmoja, maneno yaendelee kusomeka, andika lililo sahihi pembeni, saini, weka tarehe na saa.